Kodi juu, huduma chini: Yaliyoikumba Halmashauri ya Jiji la Birmingham

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 5, mwaka 2023, Halmashauri ya Jiji la Birmingham nchini Uingereza ilitoa notisi ikieleza kuwa haina fedha za kutosha kugharimia shughuli zake za mwaka huo wa fedha. Kuanzia siku hiyo ilizuiwa kuingia matumizi yoyote mapya, isipokuwa yale ambayo sheria inailazimisha kuyafanya.

Birmingham si mji mdogo. Ni jiji la pili kwa ukubwa nchini humo baada ya London, lina wakazi zaidi ya milioni 1.1 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, na linaongozwa na baraza lenye madiwani 101. Mwaka mmoja tu kabla ya notisi hiyo lilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ndiyo maana habari kwamba jiji hilo limeishiwa ziliwashangaza hata wale ambao hawajawahi kufika huko.

Miezi sita baadaye baraza hilo lilipitisha bajeti ambayo watu wengi wa Birmingham hawataisahau. Kodi ya halmashauri ilipanda kwa asilimia 9.99, huku huduma zikipunguzwa kwa kiasi cha pauni milioni 300 ndani ya miaka miwili. Mwaka uliofuata, 2025, kodi hiyo ikapanda tena kwa asilimia 7.49. Familia iliyokuwa ikilipa pauni 1,500 kwa mwaka ilijikuta inatakiwa kulipa zaidi ya pauni 1,770, na wakati huohuo taa za barabarani zinapunguzwa mwanga na maktaba zinafungua kwa saa chache.

Ili kuelewa jiji kubwa kiasi hicho lilifikaje hapo, inabidi kwanza kufahamu halmashauri ya Uingereza inapata wapi fedha zake.

Vyanzo vikuu ni vitatu. Kipo cha ruzuku kutoka Serikali Kuu, kipo cha kodi ya majengo ya biashara, na kipo cha kodi ya halmashauri ambayo hulipwa na kila kaya kulingana na nyumba inayoishi. Kuna pia ada za maegesho ya magari, mazishi, vibali na kadhalika, lakini hizo ni nyongeza tu. Sheria inaitaka kila halmashauri iwe na bajeti iliyo sawa kwa mapato na matumizi, na hairuhusiwi kukopa ili kulipa mishahara au gharama nyingine za kila siku. Mkopo ni wa kujengea tu.

Kodi ya halmashauri yenyewe ina historia ya misukosuko. Kwa miaka mingi Waingereza walilipa kodi ya majengo iliyotozwa kwa kukadiria thamani ya pango la nyumba. Serikali ya Margaret Thatcher iliifuta na kuleta kodi ya kichwa, ambayo kila mtu mzima alitakiwa kulipa kiasi kilekile katika halmashauri yake, awe na kasri au awe amepanga chumba kimoja, isipokuwa wachache waliopewa nafuu. Ilianza Scotland Aprili 1989, kisha England na Wales Aprili 1990.

Wananchi walikataa. Machi 31, 1990, siku moja kabla ya kodi hiyo kuanza England na Wales, maandamano makubwa katikati ya London yaligeuka kuwa vurugu katika uwanja wa Trafalgar Square. Mamilioni ya watu waligoma kulipa. Novemba mwaka huohuo Thatcher alitangaza kujiuzulu, na wachambuzi wengi wanaitaja kodi hiyo kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuanguka kwake. Mrithi wake, John Major, alilazimika kuongeza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17.5 mwaka 1991 ili apate fedha za kupunguza makali ya kodi ya kichwa wakati anatafuta nyingine ya kuiondoa kabisa.

Msomaji wa Tanzania hatashindwa kuielewa hasira hiyo. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa nchini mwaka 2003, na wapo wazee wanaokumbuka vizuri jinsi walivyokimbizana na mgambo. Mfumo wetu wa halmashauri na madiwani nao una mizizi katika sheria zilizoletwa na Waingereza wakati wa ukoloni, kwa hiyo mambo mengi katika simulizi hii yatasikika kama ya jirani.

Kodi ya halmashauri ilianza kutozwa Aprili 1, 1993, chini ya sheria ya mwaka 1992. Kila nyumba nchini England iliwekwa katika moja ya madaraja manane, kuanzia A hadi H, kwa kuangalia ingeuzwa kwa bei gani Aprili 1, 1991. Nyumba ambayo isingezidi pauni 40,000 iliingia daraja A. Iliyozidi pauni 320,000 iliingia daraja H. Daraja D ndilo kipimo, na mengine yote hukokotolewa kutokana nalo. Wa daraja A hulipa theluthi mbili ya kiasi cha D, na wa daraja H hulipa mara mbili.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa. Thamani hizo za mwaka 1991 hazijawahi kurekebishwa England hadi leo, zaidi ya miaka 30 baadaye. Hata nyumba iliyojengwa mwaka jana hukadiriwa ingekuwa na bei gani mwaka 1991, wakati kiwanja chake pengine kilikuwa bado ni malisho ya ng'ombe. Wales ilithubutu kufanya tathmini mpya na kuanza kuitumia mwaka 2005. England hakuna serikali iliyopata ujasiri huo, kwa sababu kila tathmini mpya ina watakaopanda daraja, na hao ni wapiga kura.

Kasoro ya pili ni kwamba aliye juu kabisa hulipa mara tatu tu ya aliye chini kabisa, hata kama nyumba yake ina thamani mara 50. Na kwa kuwa kila halmashauri hupanga kiwango chake, matokeo mengine yanashangaza. Mwaka wa fedha 2024/25 wastani wa kodi ya daraja D kwa England yote ulikuwa pauni 2,171. Westminster, eneo la London lenye Bunge, kasri la Buckingham na baadhi ya nyumba ghali kuliko zote duniani, daraja D lililipa chini ya pauni 1,000. Hivyo bwanyenye wa Westminster katika jumba la daraja H alilipa pungufu ya mwalimu anayeishi katika nyumba ya kawaida ya daraja D kwingineko.

Halmashauri hazina uhuru wa kuipandisha kodi hiyo zitakavyo. Kwa zile zinazobeba huduma za ustawi wa jamii, kama Birmingham, ukomo umekuwa chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka, na sehemu ya ongezeko hilo hutengwa kwa ajili ya kuhudumia wazee na wenye ulemavu. Anayetaka kuvuka ukomo huo lazima aitishe kura ya maoni. Kura ya aina hiyo imefanyika mara moja tu, mwaka 2015 huko Bedfordshire, pale kamishna wa polisi alipoomba ongezeko la asilimia 15.8. Wapiga kura walimnyima. Njia nyingine ni kuiomba Serikali Kuu kibali maalumu, na hiyo ndiyo Birmingham iliyoitumia.

Fedha zilivyopungua

Mwaka 2010 serikali ya mseto ya David Cameron iliingia madarakani ikiwa na ajenda ya kubana matumizi. Halmashauri ziliguswa kabla ya karibu kila mtu mwingine. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilibaini kuwa ruzuku ya Serikali Kuu kwa halmashauri za England ilishuka kwa asilimia 49.1 kati ya mwaka wa fedha 2010/11 na 2017/18, baada ya kuondoa athari za mfumuko wa bei. Karibu nusu, ndani ya miaka saba.

Maumivu hayakugawanywa sawa. Halmashauri za maeneo yenye watu wengi maskini ndizo zilizokuwa zikitegemea ruzuku zaidi, kwa kuwa nyumba zao nyingi ziko madaraja ya chini na kodi yake ni ndogo. Ruzuku ilipokatwa, ndizo zilizopoteza zaidi. Birmingham imekuwa ikisema kuwa imepoteza zaidi ya pauni bilioni moja tangu mwaka 2010.

Wakati mapato yanashuka, mzigo ulikuwa unaongezeka. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 na Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 zinailazimisha halmashauri kumlinda mtoto aliye hatarini na kumhudumia mzee asiyejiweza mara anapothibitika kuwa na mahitaji. Haiwezi kumwambia arudi mwakani. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, familia zisizo na makazi zinaongezeka, na watoto wanaohitaji elimu maalumu nao wanaongezeka. Kinachobaki baada ya kugharimia hayo ndicho kinachogawanywa kwa maktaba, bustani, vituo vya vijana, barabara na sanaa. Mkazi ambaye hana mzee wala mtoto anayehudumiwa na halmashauri huona kodi yake inapanda kila mwaka na haoni inakokwenda. Malalamiko yake ni ya haki, japo fedha zake hazikuibwa.

Lakini halmashauri nyingi zilipitia hali hiyo bila kufika pabaya kama Birmingham. Jiji hilo lilikuwa na madhambi yake.

Kubwa ni la wanawake. Kwa miaka mingi halmashauri hiyo ilikuwa ikiwalipa bonasi wafanyakazi wa kazi ambazo kwa desturi zilifanywa na wanaume, kama vile wazoa taka, wafagia barabara na wachimba makaburi. Wapishi, wafagiaji wa ofisi na wahudumu wa wazee, wengi wao wanawake, hawakupewa ingawa kazi zao ziliwekwa daraja moja. Wafanyakazi 174 walioacha kazi walifungua madai, na Oktoba 24, 2012, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuwa wana haki ya kuyapeleka katika mahakama za kawaida, ambako muda wa kudai ni miaka sita, badala ya mabaraza ya kazi ambako ni miezi sita.

Uamuzi huo ulifungua lango. Maelfu walijitokeza. Kufikia mwaka 2023 halmashauri ilikuwa imelipa karibu pauni bilioni 1.1 kwa madai hayo. Ili kupata fedha, mwaka 2015 iliuza biashara ya kituo chake maarufu cha maonesho, NEC, kwa pauni milioni 307.

Jambo la kusikitisha ni kwamba somo halikueleweka. Mwaka 2017 wazoa taka waligoma, kiongozi wa halmashauri wa wakati huo akajiuzulu katikati ya mgogoro, na mgomo ukamalizwa kwa makubaliano yaliyowapa wazoa taka cheo maalumu katika magari. Cheo hicho kikawa chanzo cha hoja nyingine kwamba wanaume wanapendelewa. Juni 2023 halmashauri ilitangaza kuwa inakabiliwa na madai mapya ya malipo sawa yanayokadiriwa kati ya pauni milioni 650 na 760, na kwamba deni hilo linakua kwa kati ya pauni milioni 5 na 14 kila mwezi.

Lipo na suala la kompyuta. Aprili 2022 halmashauri ilianza kutumia programu mpya ya Oracle kuendesha hesabu na mishahara yake. Mradi ulipangwa kugharimu pauni milioni 19. Programu hiyo ilishindwa kufanya kazi ipasavyo, ikafikia mahali watumishi hawawezi kujua kwa uhakika kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetoka, na mwaka 2023 gharama za kuirekebisha zilikuwa zinakadiriwa kuifikisha pauni milioni 100. Halmashauri yenye matatizo ya fedha ilikuwa imepoteza daftari.

Makamishna waingia

Notisi ya Septemba 2023 ilitolewa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1988, ambayo kwa bahati ya historia ni sheria ileile iliyoleta kodi ya kichwa England na Wales. Kifungu hicho kinampa mkuu wa idara ya fedha wa halmashauri, ambaye ni mtumishi na si mwanasiasa, mamlaka na wajibu wa kutoa notisi akiona matumizi yatazidi mapato. Madiwani hawawezi kumzuia. Wana siku 21 za kukutana na kuijadili.

Vyombo vya habari hupenda kusema halmashauri "imefilisika", lakini kisheria halmashauri ya Uingereza haiwezi kufilisika kama kampuni. Mishahara inalipwa, mikataba iliyokwisha kusainiwa inaheshimiwa, watoto wanaendelea kulindwa. Linalokoma ni jambo jipya lolote.

Oktoba 2023 Waziri aliyehusika na serikali za mitaa, Michael Gove, aliteua makamishna wakiongozwa na Max Caller kuisimamia Birmingham kwa muda unaoweza kufika miaka mitano. Madiwani walibaki na viti vyao, lakini maamuzi makubwa yalihitaji idhini ya watu ambao hakuna mkazi aliyewapigia kura. Serikali iliiruhusu halmashauri kutumia zaidi ya pauni bilioni 1.2 kwa utaratibu maalumu. Si msaada. Fedha hizo zinatakiwa kufidiwa kwa kuuza mali za jiji.

Bajeti ilipitishwa Machi 5, 2024. Kiongozi wa halmashauri, John Cotton wa chama cha Labour, ambaye alishika nafasi hiyo Mei 2023, aliwaomba radhi wakazi. Hadi nafasi za kazi 600 zilikuwa hatarini. Ruzuku kwa taasisi kubwa za sanaa ilipangwa kukatwa nusu mwaka wa kwanza na kufutwa kabisa mwaka wa pili. Uzoaji wa taka za nyumbani ulipangwa kuwa mara moja kila wiki mbili badala ya kila wiki.

Taka ndizo zilizoleta kizaazaa. Katika kurekebisha mambo, halmashauri iliamua kukifuta kile cheo cha wazoa taka kilichotokana na mgomo wa 2017, ikisema kukiacha ni kukaribisha madai mengine ya wanawake. Chama cha wafanyakazi cha Unite kilidai baadhi ya wanachama wake watapoteza hadi pauni 8,000 kwa mwaka, kiasi ambacho halmashauri ilikipinga. Migomo ya hapa na pale ilianza Januari 2025. Machi 11 ukaanza mgomo usio na kikomo.

Mwishoni mwa mwezi huo tani 17,000 za taka zilikuwa zimelundikana mitaani, na Machi 31 halmashauri ikatangaza hali ya dharura. Panya walizagaa. Aprili, maofisa mipango wa jeshi waliitwa kusaidia, na wafanyakazi wakapiga kura kukataa pendekezo la halmashauri kwa asilimia 97. Mwaka 2025 ulimalizika mgogoro huo ukiwa haujapata ufumbuzi. Mitaa iliyoteseka zaidi ni ile yenye nyumba zilizobanana na familia zisizo na gari la kupeleka mifuko dampo.

Ni vigumu kumlaumu upande mmoja hapa. Mzoa taka anayepunguziwa mshahara hakuandika mkataba wa mwaka 2017. Mpishi wa shule aliyepunjwa kwa miaka 20 naye hana kosa. Halmashauri iliweka vibarua wake wenyewe katika mizani moja, na kila ilipomtuliza mmoja ilimkosea mwenzake.

Posho za madiwani

Kodi inapopanda, swali la kwanza mitaani huwa ni lilelile, Birmingham na kwingineko: madiwani wanalipwa kiasi gani?

Nchini England diwani hana mshahara. Kanuni za mwaka 2003 zinaitaka kila halmashauri itoe posho ya msingi iliyo sawa kwa madiwani wote, na inaruhusiwa kutoa posho ya ziada kwa wenye madaraka kama kiongozi wa halmashauri na wenyeviti wa kamati. Kabla ya kupanga viwango, madiwani wanalazimika kusikiliza mapendekezo ya jopo huru la watu wasio madiwani. Wanaweza kuyakataa, lakini lazima wayajadili hadharani, na orodha ya malipo ya kila diwani huchapishwa kila mwaka. Tangu Aprili 2014 waliondolewa pia katika mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, waliokuwamo wakimalizia kipindi chao tu.

Scotland utaratibu ni tofauti. Huko diwani hulipwa mshahara unaopangwa na serikali ya Scotland, na kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kilikuwa pauni 25,982 kwa mwaka.

Birmingham ni miongoni mwa halmashauri zenye posho kubwa England kutokana na ukubwa wa kata zake, lakini hesabu haidanganyi. Tuchukulie kila diwani kati ya 101 angekuwa anapata pauni 20,000 kwa mwaka, kisha posho zote zifutwe. Zingeokolewa pauni milioni 2 na kidogo. Lengo lilikuwa kuokoa milioni 300 kwa miaka miwili. Wakazi hawana makosa kukasirika wanapoona posho inapanda mwaka uleule maktaba inafungwa, kwani uongozi una maadili yake na mfano wa kiongozi una uzito, ila asidanganywe mtu kwamba pengo la Birmingham lingezibwa kwa posho.

Upo pia upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Posho ikiwa ndogo mno, udiwani hubaki kuwa kazi ya wastaafu na wenye mali, maana kijana mwenye watoto hawezi kuacha kazi yake mara tatu kwa wiki kwenda vikaoni. Tanzania nayo imelipitia swali hili kwa njia yake. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuwa itawalipa moja kwa moja madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo posho ya Sh350,000 kwa mwezi, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba wengine hukaa miezi bila kulipwa na hivyo kuwa wanyonge mbele ya wakurugenzi wanaopaswa kuwasimamia.

Zamani diwani wa Uingereza aliyekaidi sheria za fedha alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kukosa posho. Mwaka 1921 madiwani 30 wa Poplar, eneo maskini la mashariki mwa London, walifungwa jela baada ya kugoma kupeleka fedha kwa mamlaka za juu, wakidai kodi inawaumiza maskini na kuwaachia matajiri. Kiongozi wao, George Lansbury, na wenzake waliendesha vikao vya baraza wakiwa gerezani Brixton. Waliachiwa baada ya wiki kama sita, na sheria ikabadilishwa ili maeneo tajiri ya London yachangie maskini. Lansbury baadaye aliongoza chama cha Labour. Madiwani 47 wa Liverpool waliochelewesha makusudi kupanga kodi mwaka 1985 hawakubahatika vile. Walitozwa faini kutoka mifukoni mwao na kuzuiwa kushika udiwani. Adhabu ya kuwatoza madiwani ilifutwa kwa sheria ya mwaka 2000.

Iliyobaki ni ndogo lakini ina busara. Kifungu cha 106 cha sheria ya mwaka 1992 kinamtaka diwani mwenye deni la kodi ya halmashauri la miezi miwili au zaidi ajitangaze kikaoni na asipige kura ya bajeti. Akikiuka ni kosa la jinai.

Birmingham haikuwa ya kwanza. Northamptonshire ilitoa notisi ya kifungu cha 114 Februari 2018, na mwaka 2021 halmashauri hiyo ikavunjwa na kugawanywa mbili. Croydon ilifuata Novemba 2020, Slough 2021, Thurrock Desemba 2022 baada ya kuzamisha mamia ya mamilioni katika biashara ya umeme wa jua, na Woking Juni 2023 ikiwa imekopa kujenga hoteli na maghorofa ambayo mji wa ukubwa wake usingeweza kuyabeba. Nottingham ilitoa yake Novemba 2023. Februari 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza halmashauri 30 za England zitakazopewa nafuu maalumu ya fedha ili zisifike huko.

Kwa Waafrika Mashariki wanaohamia Uingereza kikazi au kimasomo, kodi ya halmashauri huwa moja ya ankara za kwanza kuingia mlangoni, na wengi haikuwamo katika hesabu zao. Huku kwetu kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kidogo kidogo katika umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, kwa hiyo si rahisi kuisahau. Kule anayewajibika kwa kawaida ni mkaaji, hata akiwa mpangaji, na hulipa kwa awamu 10 kwa mwaka. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote pekee husamehewa, ila lazima waiombe halmashauri na kuonesha barua ya chuo. Asiyelipa hukumbushwa, kisha hudaiwa kodi yote ya mwaka kwa mkupuo, kisha hupelekwa mahakamani, na England anayekataa kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miezi mitatu. Wales ilifuta kifungo hicho mwaka 2019.